Kuazima bila kuuliza: kesi ya mdogo wangu na gari ya mteja

Hapa Busia, upande wa Uganda, watu wengi wanaamini kwamba ukichukua gari ya mtu na nia yako ni kuirudisha, basi wewe si mwizi na polisi hawana la kukufanya. Nusu ya hiyo ni kweli. Ile nusu nyingine ndio imekula pesa ya familia yetu na mpaka leo inakula, na mimi ndio nimekuwa nikizunguka nayo kutoka polisi mpaka korti, kwa hiyo wacha niandike vile nilivyoona kwa sababu najua kuna kijana mahali sasa hivi anaangalia funguo ya gari ya bosi wake na anajiambia ni dakika kidogo tu.

Mdogo wangu alikuwa anajifunza umakanika kwa gereji moja upande wa Sofia. Jina la gereji niache. Pale funguo za wateja zinaning'inia kwa misumari kwenye ubao, kila funguo imefungwa kikaratasi cha jina, na kazi ya vijana kila asubuhi ni kutoa magari nje, kuyapanga, jioni kuyarudisha ndani. Hiyo ndio ruhusa aliyokuwa nayo, kusogeza gari ndani ya uwanja na kuijaribu brake na bosi akiwa kando yake. Jumamosi walimaliza Premio ya mzee mmoja anayenunua mahindi vijijini na kuyavusha Kenya, mzee akaambiwa aje Jumatatu. Jumapili tukawa na matanga, mama mkwe wa mama mdogo, kijiji kiko mbele ya Masafu, na ilikuwa imenyesha usiku kucha, boda wamepandisha bei, wazee wa nyumbani wamekaa na mikeka yao hawana usafiri. Kijana akaenda gereji akachukua ile Premio.

Kabla hajatoka getini alimwandikia bosi wake WhatsApp. Huo ujumbe nimeusoma mara nyingi mpaka naujua kwa kichwa: "Boss natoka na hii premio kidogo kuna matanga nyumbani, jioni iko hapa, mafuta naweka mwenyewe." Bosi alikuwa kanisani, simu imezimwa. Hakujibu, na mdogo wangu akachukulia kwamba kunyamaza ni kukubali.

Sasa yule mzee akapata safari ya ghafla, akaja gereji saa nane bila kupiga simu kwanza. Askari wa getini ni mgeni, hajui kitu, anasema gari ilitoka asubuhi na kijana. Kijana akipigiwa simu imeisha chaji. Mwenye hakai Busia anaweza kuuliza kwa nini mzee hakungoja hata saa moja, lakini sisi hapa mpaka uko mlangoni, gari ikipotea asubuhi mtu anajua kufika saa sita iko Kenya na plate ingine. Mzee alikimbia polisi akatoa ripoti ya gari kuibiwa, akapewa namba ya ripoti, SD, kisha akaenda mwenyewe mpaka border kuwapa maafande namba ya gari, halafu mtoto wake akaweka picha ya ile Premio kwenye magrupu ya WhatsApp ya Busia yote. Mimi simlaumu huyo mzee hata kidogo. Ingekuwa ni gari yangu ningefanya vilevile.

Huku matanga yakaisha, na wakati wa kurudi waombolezaji wengine wakaomba lifti, wakachanga elfu tano tano za mafuta. Hizo elfu tano zikumbuke, zitarudi. Njia ilikuwa ya murram na utelezi, kwenye kona moja kabla ya Masafu gari ikateleza upande, ikamgonga kijana wa boda aliyekuwa anakuja na gunia la mkaa nyuma. Mguu ukavunjika chini ya goti. Bonet ya Premio ikakunjika, taa ya kushoto na redieta zikaenda.

Watu wakajaa. Mmoja akatoa simu akalinganisha plate na ile picha ya grupu, akapiga kelele kwamba hii ndio ile gari ya wizi. Nikifika hapa moyo bado unanienda mbio, kwa sababu sisi Waganda tunajua neno mwizi likishatoka mdomoni kwenye watu wengi, hakuna anayeuliza swali la pili. Mama mdogo aliniambia tayari kuna mtu alishaokota jiwe na mwingine anatafuta tairi. Aliyemwokoa ni mwenyekiti wa LC1 wa pale, yaani wa baraza la kijiji, alikuwa ametoka matanga hayohayo, anamjua mama mdogo, akamsukuma mdogo wangu ndani ya duka la mtu akasimama mlangoni mpaka polisi wakaja. Kama ajali ingetokea kilomita mbili mbele, kwa watu wasiotujua, mimi leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia adhabu ya kuchukua gari bila ruhusa iko kwa sheria, namwambia kuna ingine iko barabarani na hiyo haina hakimu.

Polisi walimweka ndani, kosa limeandikwa wizi wa gari. Nilifika jioni na chakula. Kwenye ukuta wa kaunta kuna lile bango kwamba bondi ya polisi, ile dhamana ya kutoka, ni bure, na chini ya bango hilohilo afande mmoja ananiambia nitafute pesa ya mafuta ili faili itembee. Sikutoa. Niliomba kwa heshima kumwona mkuu wa stesheni, na huyo kusema ukweli alinisikiliza. Aliniambia nilete wadhamini wawili wenye vitambulisho vya taifa na barua za LC1 wao, na mpaka wapelelezi waandike statement zote kijana abaki. Katiba yetu kifungu cha 23 inasema mtu lazima afikishwe kortini ndani ya saa 48 kama hajaachiliwa, nilimkumbusha hilo bila kelele, akasema anajua. Jumanne asubuhi akatoka kwa bondi.

Lakini statement. Hapa nataka niende polepole kwa sababu ndio mahali watu wanaumia bila kujua. Konstebo alimhoji kwa Kiswahili, mdogo wangu akaeleza kwa Kiswahili, kule kwa karatasi konstebo akaandika Kiingereza, hakusomewa, akaambiwa aweke sahihi. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba alikiri kuiba. Yeye alichosema mdomoni ni "nilichukua gari bila kumwambia mwenyewe". Baadaye tukampata wakili wa msaada wa sheria kule Tororo, mama mmoja mtulivu sana, akatuambia kwamba kwa sheria ya ushahidi ya Uganda mtu akikiri kosa mbele ya polisi, hayo maneno hayawezi kutumika kortini isipokuwa yamesemwa mbele ya afisa wa cheo cha Assistant Inspector kwenda juu, au mbele ya hakimu. Konstebo peke yake hatoshi. Na katiba kifungu cha 28 kinataka uelezwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, na kama hujui lugha ya korti upewe mkalimani bila kulipa. Kwa hiyo ile karatasi haikuwa mwisho wa dunia, lakini ilituchelewesha sana na ilimtisha mama mpaka presha ikapanda. Kama una mtu wako ndani mwambie aombe asomewe kile kilichoandikwa, neno kwa neno, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ni haki yake, asione haya kuomba.

Huyo wakili ndiye alitufungua macho kuhusu nia. Nilimwambia mimi kwa kujiamini kabisa, mama, mtoto alikuwa anairudisha, kwa hiyo si wizi. Akasema ndiyo, Penal Code, ile sheria ya makosa ya jinai, inataka mtu awe amechukua kitu kwa udanganyifu na bila haki yoyote juu yake, na nia inayojulikana zaidi ni ile ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Lakini si hiyo peke yake. Ukichukua gari ya mtu ukaiweka rehani kwa mkopeshaji, hata kama ulipanga kuikomboa mwisho wa mwezi, hiyo ni wizi. Ukiichukua na nia ya kuitumia kwa namna ambayo haiwezi kurudi ikiwa katika hali ileile uliyoichukua, ni wizi. Nikawaza wale vijana wa Kampala wanaokodi gari kwa siku tatu kisha wanaenda kuiacha kwa mkopeshaji, akisema si nilikuwa nitairudisha. Na wizi, hata ule wa kawaida, kifungo chake kinaweza kufika miaka 10.

Halafu akaniambia kitu ambacho kilinikaa, kwamba nia hakuna anayeiona, korti inaangalia matendo. Ndio tukaanza kuhesabu matendo ya mdogo wangu kama mtu anayepima mahindi kwa debe, haya yanamsaidia, haya yanamuumiza. Ule ujumbe wa WhatsApp ulimsaidia sana. Si ruhusa, kwa sababu aliutuma na hakungoja jibu, na bosi hata angejibu sawa, gari si ya bosi, ni ya mteja, bosi mwenyewe hana mamlaka ya kuitoa kwenda matanga. Lakini unaonyesha alisema anaenda wapi na anarudi lini, mwizi haandiki hivyo. Kuelekea Masafu badala ya border kulimsaidia. Kubeba wazee wa matanga wanaojulikana kwa majina kulimsaidia. Kilichomuumiza ni simu kuzimika, na zile elfu tano. Kwa polisi ile michango ilionekana ni biashara, amefanya gari ya mtu teksi, na kama ni biashara basi hata hadithi ya matanga inaanza kutiliwa shaka. Ilibidi mama mdogo na wengine wawili waende kuandika statement kwamba ilikuwa ni mafuta tu.

Na paamiti, leseni ya udereva. Mdogo wangu ana paamiti ya daraja A, ya pikipiki. Gari ndogo ni daraja B. Ndani ya uwanja wa gereji hakuna aliyewahi kumuuliza, lakini ile dakika tairi zilipogusa barabara ya umma akawa na kosa lingine hata kabla ya kumgonga mtu.

Faili ikaenda kwa wakili wa serikali, yeye ndiye anaamua mashtaka gani yaende kortini. Wakili wetu alimwandikia barua, akaambatanisha picha ya ule ujumbe na zile statement. Tukangoja, na kungoja kwenyewe mama halali, mimi kila simu ikilia naruka. Mwisho shtaka la wizi likatolewa, likawekwa la kuchukua gari bila idhini ya mwenyewe, pamoja na makosa ya barabarani, uendeshaji wa uzembe na paamiti isiyo ya daraja hilo.

Kama hujawahi kuingia kortini unaweza kudhani ni jina tu limebadilika. Hapana. Wizi ni kosa kubwa, lile la daraja wanaloita felony. Magistrates Courts Act, sheria ya korti za mahakimu, inamruhusu hakimu kuhimiza watu wapatane na walipane fidia kwenye makosa ya mtu na mtu ambayo hayafiki daraja hilo. Kwa hiyo wakati ule shtaka likiwa wizi, yule mzee alishakuja nyumbani, amekunywa chai, amesema amesamehe alipwe tu gari yake, na bado haikusaidia kitu. Nilikuwa siamini. Mwenye mali amesamehe, kesi inaendeleaje? Kumbe kesi ya jinai si ya mlalamikaji, ni ya serikali, na mwenye mamlaka ya kuiondoa ni DPP, mkuu wa mashtaka ya serikali, wala si mzee wa mahindi wala mkuu wa stesheni. Watu wanalipana pesa pale nje ya stesheni, wanapeana mikono, wanaenda nyumbani, halafu baada ya miezi kijana anakamatwa kwa warrant kwa sababu hakuonekana kortini. Mkilipana iandikwe, na ipelekwe kwa faili.

Shtaka lilipobadilika ndio hakimu akatuuliza kama kuna mazungumzo, tukasema yapo. Mzee akakubali alipwe bonet, taa, redieta, rangi, na siku zake za biashara alizopoteza, kwa awamu, makubaliano yakasomwa kwa Kiswahili na kuwekwa kortini. Kwa makosa ya barabarani mdogo wangu alikubali kosa, akapigwa faini. Tulilipa kwa kuuza ng'ombe mmoja wa mama, na mimi nikasimamisha kuleta mabelo ya mitumba kwa muda.

Watu wakisikia hii hadithi wanauliza ya gari na ya seli. Kijana wa boda hawamuulizi. Alilala hospitali ya Masafu na chuma mguuni, ana mke mdogo na mtoto, na ile pikipiki si yake, anamlipa mwenyewe kila wiki, kwa hiyo mguu umevunjika na deni linaongezeka. Nilimtembelea nikiwa na sabuni na sukari, akaniuliza bila hasira yoyote, "Dada, sasa mimi nitadai nani?" Nilikosa la kumjibu ikabidi niende kumuuliza wakili.

Jibu si tamu. Gari ilikuwa na bima ya lazima, ile third party, na hiyo ipo kwa ajili ya watu wa nje wanaoumizwa, si kwa ajili ya gari yenyewe. Lakini sheria yake ni ya mwaka 1989 na kiwango ilichoweka ni shilingi milioni moja kwa mtu mmoja. Mwaka 1989 labda ilikuwa pesa. Leo mguu mmoja wa chuma na miezi ya kukaa bila kazi, milioni moja inaisha kabla plasta haijatolewa. Mimi naona ni aibu ya nchi nzima hiyo, na nasema hivyo nikijua kwamba aliyemuumiza ni mtoto wa mama yangu. Inayobaki anamdai mdogo wangu, ambaye hana kitu. Akimshtaki mwenye gereji, itabidi aonyeshe kijana alikuwa kwenye kazi ya gereji wakati wa ajali, na Jumapili, kwenda matanga ya kwao, hiyo ni safari yake binafsi, mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza kama zetu kwa kawaida haziwabebeshi waajiri safari za namna hiyo. Mzee wa Premio pia ana kinga hiyohiyo, hakumpa mtu gari yake amwendeshee.

Ila mzee mwenyewe dhidi ya gereji ni kitu tofauti, na hapa mwenye gereji alishangaa sana. Yeye alikuwa anaonyesha kile kibao chake, "Gari linaachwa kwa hatari ya mwenyewe". Wakili akasema mtu akikukabidhi mali yake uitunze, una wajibu wa kuitunza kama mtu mwangalifu, hiyo iko hata kwenye sheria ya mikataba ya 2010, na kuacha funguo zote kwa misumari Jumapili na askari mgeni getini, kibao hakiwezi kuufuta huo uzembe kirahisi. Kwa hiyo mzee ana haki ya kumdai pia, na sisi tulimuomba kwa unyenyekevu mzigo ugawanywe. Mwenye gereji alikataa kwanza, akamfukuza mdogo wangu bila kumlipa mwezi wake, halafu barua ya wakili ilipofika akaanza kupokea simu. Sasa hivi amekubali redieta na kazi ya rangi, kwa mdomo. Tumemwambia aandike.

Mdogo wangu sasa anafanya kwa fundi mwingine, na siku ya kwanza nilienda naye mimi mwenyewe nikaongea na huyo fundi mbele yake. Tukaelewana gari ya mteja isitoke getini bila mteja mwenyewe kukubali kwa ujumbe, aseme inaenda wapi na nani anaendesha, na ujumbe ubaki kwa simu. Ikienda kujaribiwa barabarani anaendesha mwenye paamiti ya daraja B. Ubao wa funguo umetiwa ndani ya sanduku la chuma. Fundi alikubali haraka, akasema yeye pia alishawahi kupoteza mteja kwa jambo kama hilo.

Kijana wa boda ameanza kutembea na magongo. Kila mwisho wa mwezi tunamtumia kitu kwa mobile money, si kikubwa, na nimemwandikia risiti kila mara na yeye anaweka sahihi, kwa sababu kesi ya madai bado anayo haki ya kuifungua, na mimi nimemwambia hivyo mwenyewe, kwamba akiamua kwenda kortini sitamchukia, na hizo risiti zitamsaidia yeye na sisi pia.